Dawa Haishukuriwi

Bwana Mifugo wetu aliwaogopa mbwa. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kila mtu wa Ilula anayemkumbuka huanza na hilo, na asiyemkumbuka angedhani natia chumvi nikilileta mwishoni. Alikuwa mtu wa serikali, bukta ya kaki imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, soksi hadi magotini, kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana. Lakini mbwa akibweka uani tu, yeye huyo anashuka kwenye baiskeli na kuisimamisha katikati yao, yeye upande huu, mbwa upande ule.

"Mshikeni kwanza," alikuwa akisema. "Nitamsalimia akishashikwa."

Na kumsalimia, alimsalimia kweli. Mbwa akishafungwa mdomo kwa kamba na kubanwa katikati ya miguu ya mwenyewe, Bwana Mifugo alimzungukia kwa nyuma na kumwambia, "Haya mzee, pole na kazi," ndipo akainama kunusa sikio. Alinusa kabla ya kutazama. Ng'ombe aliwatazama, mbuzi aliwapapasa, lakini mbwa alianza kuwanusa, amefumba macho, na wateja wangu waliokuwa wakinywa upenuni walisema anaonja ulanzi wa bure.

Hawakukosea sana. Mimi wakati huo nilikuwa nauza ulanzi, ile pombe ya mianzi, na ninaweza kusema kwamba sikio la ugonjwa ule lilinuka kama ulanzi uliolala, ule uliokaa mpaka ukapita ukali na kuanza kuwa kitu kingine. Ndani lilijaa uchafu wa kahawia wenye mafuta, ngozi imekuwa nene na nyeusi, na mbwa alijikuna mpaka damu. Wengine uliwashuka shingoni na kwenye makwapa, manyoya yakatoka. Bwana Mifugo aliuita hamira.

"Ni hamira hii," alitueleza. "Ndugu yake na ile ya maandazi. Inakaa kwenye ngozi ya kila mbwa, haina neno. Ila ikipata unyevu na joto, inaumuka."

Tulicheka, kwa sababu hatukuwa tumejua bado kwamba kuna siku hatutacheka. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya kuhamishiwa kijijini. Nyumba tulizipanga mstari kando ya barabara kuu, lakini mashamba yalibaki kule kule mlimani, na nyani na nguruwe pori hawakuhamishwa na mtu. Mahindi yalilindwa na mbwa. Mbwa asiyesikia, au aliyeshinda akitikisa kichwa na kuzunguka mahali pamoja, huyo alikuwa sawa na kukosa mbwa, na nyumba isiyo na mbwa ilivuna mabua.

Bwana Mifugo hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka upande wa Mbeya, Mnyakyusa, na Kihehe chake kilituburudisha kuliko redio. Akitusalimia "Kamwene" alivuta kile kipande cha mwisho mpaka ukadhani anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuwa mtu wa kanisa, na hakunywa pombe. Jumamosi jioni alipita uani kwangu kwa mlango wa nyuma, akaomba kikombe cha "maji ya mianzi," akanywa amesimama, akafuta mdomo, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza. Mke wake naye, akinikuta kisimani, alinishukuru kwa maji.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Dawa haishukuriwi. Kila mtu wa huku anajua hivyo kuhusu mizizi na magome: ukipewa, unapokea na kunyamaza, maana ukisema asante umeiharibu nguvu. Lakini hakuna mganga niliyemwona akilishika sharti hilo kama alivyolishika yeye aliyesomea mambo ya Kizungu chuoni. Siku moja mwalimu mgeni, aliyekuja kutoka pwani na adabu zake, alipokea chupa ya matone akasema, "Ahsante sana, ndugu yangu." Bwana Mifugo alimnyang'anya chupa. Akaifuta kwa leso, akatoka nje, akapanda baiskeli, akaenda mpaka barabarani, akageuza, akarudi, akabisha hodi, akampa upya. Mwalimu safari hii alikaa kimya kama aliyepigwa ganzi.

Mama mkwe wangu, mwanamke asiyeshindwa, alijaribu kumkwepa kwa kumshukuru kwa lugha yake. "Ndaga," alimwambia. "Dawa yako haijui Kinyakyusa."

"Imeshuka Dar es Salaam," alisema Bwana Mifugo, "lakini ilipitia Mbeya kabla ya kuja huku. Inajua." Akaichukua tena.

Dawa zenyewe zilikuwa mbili. Moja ile ya zambarau tunayoiita jivii, iliyotia rangi mikono yake mpaka kanisani. Ya pili matone ya njano, mazito, yaliyokuja kutoka Iringa mjini pale yalipokuja, chupa chache kwa vijiji vingi. Na hapo ndipo ilipoonekana tabia yake kuu, yaani ubahili wa vitu vya umma. Alikuwa bahili kwa niaba yetu. Kalamu aliikata vipande viwili. Sindano za chanjo alizinoa kwenye jiwe. Risasi za bunduki ya serikali alizifunga kwenye kitambaa na kuziweka ndani ya sufuria yenye kifuniko, na mkewe alikuwa akilalamika kwamba nyumba nzima ina sufuria mbili na moja inapikiwa risasi.

Matone ya njano aliyagawa hivi. Alikuja, akanusa, akatia, akakuachia chupa kwa onyo: "Harufu ikikoma, acha. Usiongeze hata tone. Iliyobaki ni ya mwenzio." Nasi tuliacha. Mbwa akiacha kujikuna, chupa ilihama nyumba, na kile kijiti cha kudondoshea kilichoingia sikio la mbwa wangu kikaingia la mbwa wa jirani. Chupa moja ilizunguka safu nzima ya nyumba na kurudi ina matone chini. Aliyechelewa kuipitisha alisemwa. "Dawa ya mtu mmoja ni uchoyo," Bwana Mifugo alisema mkutanoni, na mwenyekiti alilipenda neno lile akalirudia, tukalipigia makofi. Tulijiona watu wema, na nadhani tulikuwa.

Miaka ya kwanza dawa ilifanya kazi kama moto kwenye majani makavu. Jioni unatia, baada ya siku chache sikio kavu, mbwa anakimbiza nyani.

Mbwa wangu aliitwa Watasema. Jina alilitoa mama mkwe, kwa sababu kwetu mbwa hupewa jina la kumfikishia jirani ujumbe, na mama mkwe alikuwa na ujumbe kwa Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye aliwahi kumwambia maneno kuhusu mpaka wa bustani ya nyanya. Basi kila jioni tukamsikia bibi kizee amesimama mpakani akiita, "Watasema! Watasema wee!" Balozi alikuwa mtu mpole. Alilielewa jina, akameza, akaishia kumpenda mbwa kuliko sisi. Alimtupia vipande vya ugali juu ya ua, akamkuna nyuma ya masikio.

Watasema aliugua masikio mwaka ule wa kwanza, akapona. Akaugua tena, akapona kwa shida. Mara ya tatu harufu ilikoma Jumapili na kurudi Alhamisi. Nikamwita Bwana Mifugo, akatia, akasema subirini. Tukasubiri. Haikukoma kabisa. Na si yeye peke yake. Safu nzima ya nyumba, mbwa walikuwa wakitikisa vichwa, na masikio yao yakipiga mashavuni, pa pa pa, usiku kucha ukiwasikia. Walioulizwa walisema labda dawa imechakachuliwa. Mama mkwe alisema kuna mtu ameishukuru kwa siri. Bwana Mifugo nilimwona akiigeuza chupa kwenye jua, akiitikisa, akiinusa hata hiyo.

Halafu aliitwa semina Mbeya. Alikaa huko siku kadhaa, na aliporudi alikuja kwangu kwa mlango wa mbele, mchana, akaketi kwenye benchi pamoja na wanywaji. Hilo peke yake liliwanyamazisha watu. Nilimletea kikombe. Hakukinywa. Alikuwa akitazama chungu changu kikubwa.

"Mama Sikitu," alisema, "hiki chungu huwa unakiosha?"

"Nakisuuza, Bwana Mifugo. Kwani umekuta kitu?"

"Nauliza tu. Hukisugui?"

"Nikikisugua ulanzi wa kesho unachelewa kukolea. Kile kinachobaki chini ndicho kinachochachusha. Tena kinachobaki ndicho kikali, kile kilichozoea chungu."

Aliitikia kwa kichwa. Alivua kofia akaiweka magotini.

"Basi ndivyo nilivyowafanya mbwa wenu," alisema.

Mmoja wa wanywaji akauliza kafanya nini. Akaeleza, polepole, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe. Alisema alimweleza mtaalamu mmoja kule semina habari za masikio yetu, akitegemea kusifiwa. Mtaalamu akamwuliza mnatia siku ngapi. Akajibu, mpaka harufu ikome. Mtaalamu akamwambia kwamba harufu ikikoma hamira haijaisha, imepungua tu. Waliokufa ni wale dhaifu. Waliobaki ni wale sugu walioionja dawa wakaishinda, na hao ndio wanaozaa. Tena ukikichukua kijiti kile kile ukakitia kwenye sikio la pili, umewahamisha wale sugu peke yao.

"Nimekuwa nawafugia," alisema. "Miaka yote hii. Bwana Mifugo, nafuga hamira."

Nilingoja wacheke, kwa kuwa ingekuwa ya kuchekesha siku nyingine. Nikamwuliza, basi dawa nyingine ipo? Akasema mtaalamu amesikia kuna mpya Ulaya, lakini hata yeye hajaiona kwa macho. Nikamwuliza, sasa tufanye nini. Alinitazama, na sijawahi kuona mtu mzima mwenye soksi hadi magotini akionekana mdogo hivyo. "Sijui," alisema. Kikombe chake alikiacha kimejaa.

Lazima niseme na habari za bunduki, maana ilikuwa kazi yake pia. Mbwa mwenye kichaa hupigwa risasi, na anayepiga ni Bwana Mifugo. Mtu huyu aliyejificha nyuma ya baiskeli alikuwa na shabaha ambayo wawindaji wa kijiji waliizungumzia. Hakuwahi kuhitaji risasi ya pili. Watu walidhani ni kwa sababu ya ubahili, na yeye aliwaacha wadhani hivyo. Kabla ya kupiga alivua kofia, akaiweka chini. Nilipomwuliza mke wake kwa nini, alisema, "Anaona haya."

Siku moja baada ya hayo Balozi alinyoosha mkono juu ya ua kama kawaida yake kumkuna Watasema nyuma ya sikio, na Watasema akamng'ata. Akamtoboa kiganja. Balozi mwenyewe ndiye aliyekuja kututuliza. "Ni mimi nimemgusa pabaya," alisema, mkono umefungwa kitambaa. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimemwona mbwa akizunguka, kichwa upande, mate yakidondoka, na neno kichaa halihitaji kusukumwa. Jioni mwenyekiti alituma mtu kwa Bwana Mifugo: alete bunduki.

Alikuja bila bunduki. Akamwambia mwenyekiti mbele ya watu kwamba huyu si kichaa, ni maumivu, na kwamba sheria inamruhusu kumfunga mbwa aangaliwe. Balozi akapelekwa hospitali kwa tahadhari. Watasema akafungwa kwenye mti wa mkrismasi nyuma ya nyumba yangu, kamba fupi, na Bwana Mifugo akatoa kwenye mfuko chupa nzima ya matone ya njano, haijafunguliwa. Alikuwa ameikalia tangu Mbeya.

"Hii ni ya huyu peke yake," alisema. Ilimwuma kusema hivyo, ilionekana.

Alikuja kila asubuhi na kila jioni. Aliosha masikio kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akayakausha kwa pamba, akatia dawa, akakaa amechuchumaa amelishika sikio ili isimwagike. Na tazama jambo hili: siku zile hakuweka baiskeli katikati. Watasema alimtolea meno, naye aliendelea kuchuchumaa pale pale, jasho likimtoka, anamwambia, "Pole mzee, pole mzee." Sikumwona tena akiogopa mbwa yule, au tuseme aliogopa lakini hakuondoka. Nilipomletea maji ya kunawa nilishika ulimi wangu kwa meno nisije nikasema lile neno.

Harufu haikukoma. Ilipungua, tukatazamana, ikarudi. Uvimbe ulifunga tundu la sikio la kushoto. Kichaa hakikuwepo, kila mtu alikubali sasa, hata mwenyekiti, na jeraha la Balozi likakauka vizuri. Hakuna tena aliyetaka mbwa afe. Lakini Watasema alikuwa hali chakula, amelala na kusugua kichwa ardhini mpaka pakawa na shimo, na kulia kwake hakukuwa kubweka wala kulia kwa mbwa. Mama mkwe aliacha kumwita kwa jina. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba amejifunika khanga kichwani asisikie.

Chupa ilipoisha, kweli ikaisha yote, mpaka tone la mwisho kama mtaalamu alivyotaka, mimi ndiye niliyekwenda nyumbani kwake. Nilimkuta anafuta baiskeli.

"Bwana Mifugo," nilisema, "lete bunduki."

"Nipe wiki moja, Mama Sikitu."

"Una nini cha kumtia katika hiyo wiki?"

Aliendelea kufuta usukani uliokuwa safi tayari. Kisha akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sufuria.

Kwenye ule mti nyuma ya nyumba yangu alivua kofia akaiweka chini kwenye nyasi. Alimsalimia. Risasi ilikuwa moja. Baadaye alibaki amesimama, na nilifikiri anangoja nimwambie kitu, na mimi nilikuwa nalia, na mdomo wangu ulikuwa umezoea kwamba mtu huyu hashukuriwi. Alichukua kofia yake akaenda. Mahindi mwaka ule yalilindwa na mimi na mama mkwe kwa kupiga madebe, na nyani walikula nusu yake wakitutazama.

Haikupita mwaka wakamhamishia Chunya. Mtu wa nyasi na mvua ukampeleke kwenye vumbi la wachimba dhahabu na tumbaku, lakini serikali haikuulizi. Alituaga kanisani. Alisema maneno machache kuhusu kuosha masikio ya mbwa kwa maji ya chumvi na kuyakausha, akaketi. Katika ibada nzima ndiyo pekee ninayoyakumbuka.

Mara ya mwisho nilimwona Iringa mjini, stendi ya mabasi, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimepeleka nyanya sokoni na nasubiri usafiri wa kurudi Ilula. Yeye alikuwa amekuja kwenye ofisi za mkoa kwa shughuli zake, na anasubiri basi la Mbeya. Soksi zilikuwa zimeshuka kwenye vifundo. Kofia ile ile.

"Kamwene, Mama Sikitu," alisema, akavuta kipande cha mwisho.

Nilimpa habari. Mama mkwe ametutoka. Balozi yupo, anamlisha mbwa wetu mpya juu ya ua. Akauliza mbwa anaitwaje. Nikamwambia Wamesema, jina la mwisho alilotoa bibi kabla ya kufa. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa na jibu analijua.

"Anajikuna?"

"Anajikuna."

"Harufu?"

"Ile ile."

Alifungua mkoba wake akatafuta chini, akatoa chupa ya njano, akaishika kidogo kabla ya kunipa. "Yote," alisema. "Hata harufu ikikoma. Usimpe jirani. Kijiti chemsha." Akafunga mkoba. "Nadhani haitafanya kazi. Kule Chunya haifanyi. Lakini chukua, nisiondoke mikono mitupu."

Nilipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikafunga mdomo, kama tulivyofunzwa.

"Sema tu asante, Mama Sikitu," alisema. "Hii hata ukiishukuru, hakuna cha kuharibika."

Alijaribu kutabasamu. Kondakta wa basi la Mbeya alikuwa anapiga ubavu wa basi kwa kiganja, akiita abiria wa mwisho.

"Ndaga fijo," nilimwambia.

"Ya hii?"

"Hapana. Ya Watasema. Ya risasi ile."

Kondakta alimwita tena, akamshika kiwiko, na Bwana Mifugo hakumgeukia. Alivua kofia yake. Hakuwa na mahali pa kuiweka pale stendi, palikuwa na matope na maganda ya miwa, kwa hiyo aliishika kifuani kwa mikono yote miwili, na alipopanda ngazi za basi alikuwa bado kichwa wazi.